Azimio la Kutomlisha Mjumbe

Katibu alikohoa mara mbili, akakunja gazeti katikati, akashusha miwani mpaka ncha ya pua. Kwetu hiyo ndiyo ishara kwamba kikao kimefunguliwa, na Wembe kinyozi lazima azime mashine yake hata kama kuna mteja ambaye kichwa chake kimenyolewa upande mmoja.

"Sikilizeni hii," Katibu akasema. "'Watu wa kujitolea kukamata mbwa na paka wanaozurura, kuwachanja na kuwafunga kizazi.'"

Wembe akabana magoti.

"Kuwafunga nini?" Bucha akauliza kutoka ng'ambo ya barabara, kisu mkononi, nyama imening'inia nyuma yake. Mteja akimwomba nyongeza Bucha huwa kiziwi, lakini umbea anausikia hata mvua ikinyesha.

"Kizazi."

"Na madume pia?"

"Madume wanahasiwa. Imeandikwa hapa."

"Huo ni ukatili!" Wembe akaruka. "Dume la watu limekosa nini? Halina nyumba, halina kazi, halina heshima, limebakiwa na kitu kimoja tu duniani, na hicho nacho mnakitaka!"

"Wembe," akasema Shangazi, huku akisuuza vikombe, "unamtetea mbwa au unajitetea?"

Shangazi anauza kahawa hapa na si shangazi wa yeyote kati yetu, ila tunamwogopa kana kwamba alituogesha sote tukiwa wachanga. Benchi lenyewe liko mbele ya kinyozi, na mwisho wake, upande wa mtaro, ndipo ilipo meza yangu. Mimi fundi viatu. Wananiita Soli, na sitaki maoni. Katibu ni karani mstaafu, alikaa nyuma ya dirisha la ofisi miaka arobaini akigonga mihuri, na tangu amestaafu mkono unamwasha. Kwa hiyo anaandika kumbukumbu za kijiwe. Kila upuuzi tunaosema unaingia kwenye daftari gumu, una tarehe, una namba, una waliohudhuria na wasiohudhuria kwa taarifa.

Na chini ya benchi, amelala, alikuwapo Mjumbe. Mbwa jike, rangi ya udongo, tumbo jeupe. Hakosi kikao. Katika miaka minne hajachangia neno lolote, ndiyo maana nasema katika sisi sote mwenye busara ni yeye.

"Mimi naona ni haki kabisa," Shangazi akaendelea. "Huyu hapa amezaa mara nne nyuma ya ukuta wa Wembe. Nne! Nionyesheni dume moja lililokuja hata siku moja na mfupa mdomoni, likasema mama watoto shika huu."

"Mbona unanitazama mimi?" akasema Bucha.

"Una watoto wangapi, Bucha?"

"Hilo halihusiani."

"Wangapi?"

"Tisa. Lakini mifupa napeleka!"

"Wakija hao watu," Wembe akasema, "mke wa Bucha atakuwa wa kwanza kwenye foleni. Amemshika bwana kwa kamba."

Tulicheka mpaka mteja mwenye nusu kichwa akasahau hasira zake. Mimi nikaona hapo ndipo pa kuonyesha elimu. Nikapiga kisigino nyundo moja ya nguvu, maana hoja ikisindikizwa na nyundo huonekana ya maana.

"Tatizo letu," nikasema, "ni kuiga iga. Watu hawana dawa za kutosha, sisi tunampeleka mbwa kwa daktari! Mbwa ni mbwa. Alale nje, ale jalalani, yakimshinda afe. Mambo ya huruma huruma hayajengi."

"Maneno mazito hayo," akasema Shangazi. "Sasa toa mguu wako mgongoni kwake. Unamkuna tangu Katibu afungue gazeti."

Nikautoa. Mjumbe akaniangalia kwa masikitiko. Nikaurudisha.

"Bado sijamaliza," Katibu akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "'Watakaohudumiwa watakatwa ncha ya sikio la kushoto kama alama, na kurudishwa walikotoka. Huduma ni bure, siku mbili tu, kesho Jumatano na Alhamisi. Kuanzia tarehe moja, halmashauri itamwondoa mbwa yeyote mtaani asiye na mwenyewe wala alama.'"

"Kumwondoa kwenda wapi?" Wembe akauliza.

Bucha akaweka kisu, akavuka barabara akijifuta mikono kwenye aproni. Bucha hana kawaida ya kuacha duka peke yake.

"Mwaka juzi," akasema, akitazama chini, "walikuja watu wawili wa halmashauri asubuhi. Wakanunua kilo kumi na mbili. Mimi nikajua wana sherehe. Nikawachagulia steki nzuri, nikawakatia vipande vidogo vidogo kama walivyoomba, nikawatakia sherehe njema. Kesho yake nikasikia mbwa wa barabara yote ya sokoni wamekufa. Sumu, kwenye nyama yangu. Na mimi niliwaambia karibuni tena."

Wembe akasahau kuwasha mashine. Mimi nikainama chini ya meza, nikajifanya natafuta msumari. Sikuwahi kuwaambia, lakini katika uzao wa mwisho wa Mjumbe watoto walikuwa sita, na magari yaliua watatu. Mmoja nilimzika mimi. Nilimweka kwenye boksi la viatu, saizi arobaini na mbili, nikamfunika na karatasi yake ile nyembamba. Walioniuliza nachimba nini niliwaambia nafukia takataka. Niliumia, nikaona aibu kuumia, mtu mzima na nyundo yangu.

"Tarehe moja ni Jumatatu," akasema Katibu.

Jioni hiyo hiyo akapita dada mmoja wa wale wa kujitolea, kizimba cha chuma mkononi, mikono yake imeparuliwa na paka kuanzia kiwiko mpaka vidole. Tukamwita Daktari, ingawa alituambia yeye ni muuguzi wa mifugo, anauza dawa za kuku na ng'ombe dukani, na hizi ni siku zake za likizo. Watu wanakwenda likizo kulala. Yeye alikuwa amekwenda kuparuliwa.

"Huyu mbwa ni wa nani?" akauliza.

Ungeona mikono. Mimi nilimwonyesha Wembe, Wembe akamwonyesha Bucha, Bucha akamwonyesha Shangazi, Shangazi akaonyesha mbinguni.

"Si wa mtu," akasema Katibu. "Na hasa asihusishwe na mimi. Huyu mbwa alitafuna daftari la kumbukumbu la mwaka jana, kuanzia Januari mpaka Agosti. Miezi minane ya historia!"

"Aliisaidia historia," Shangazi akanong'ona.

Daktari hakucheka. Alichuchumaa, akamshika Mjumbe kidevu, akamwangalia ufizi, akampapasa tumbo. "Tumewahi, hana mimba. Akizaa tena mwili wake hautastahimili, amechoka huyu. Kesho saa mbili asubuhi napita na gari. Sasa nisikilizeni vizuri, na hili ndilo la muhimu kuliko yote. Kuanzia leo jioni asile kitu. Chochote! Tukimpa nusukaputi tumbo likiwa na chakula, atatapika akiwa usingizini, matapishi yataingia kwenye mapafu, atakufa mezani. Mmenielewa?"

"Tumeelewa!"

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo!"

Mimi ndiye niliyepaza sauti kuliko wote. Nilisimama kabisa. "Daktari, hapa umefika kwa watu wenye nidhamu."

Katibu akafungua daftari. Akaandika, akasoma: "Azimio namba mia mbili na kumi na moja. Kikao kimeazimia kwa kauli moja kwamba mjumbe yeyote asimlishe Mjumbe kuanzia sasa mpaka atakapopasuliwa." Tukatia saini sote. Shangazi alitia saini kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake.

Basi, asubuhi saa mbili, gari likaja. Pikapu nyeupe, nyuma vizimba vitano, ndani paka wanalaani. Sisi tulikuwa tumekwisha jipanga kwenye benchi, tumeoga, kama watu waliokuja kuposa.

"Amekula?"

"Hajala!" Kwa sauti moja, na Katibu akafungua daftari kwenye ukurasa wa saini.

Daktari akasoma azimio lote, akatikisa kichwa kwa heshima. "Mngekuwa wote hivi mtaani, kazi yangu ingekuwa rahisi." Akamdunga Mjumbe sindano ya kumtuliza, ndogo tu, ya kumfanya alegee wambebe. Tukasubiri. Mjumbe akaketi. Akapepesuka. Akanyoosha shingo, akatoa sauti ya bomba lililoziba, na hapo, juu ya sakafu ya Wembe iliyofagiliwa, akaanza kutoa ushahidi.

Kwanza yakatoka maini. Mazuri, yamekatwa vipande vidogo vidogo.

Tukamgeukia Bucha.

"Msinitazame hivyo," akasema. "Mtu anakwenda kupasuliwa! Maini yanaongeza damu. Nilimpa alfajiri, kabla jua halijatoka. Nilidhani kabla ya jua haihesabiki."

Mjumbe akavuta pumzi, akaendelea. Ukatoka mkate. Slesi mbili, zimepakwa siagi pande zote mbili.

"Wembe!" akafoka Katibu.

"Jamani, alinifuata mwenyewe. Alikaa mlangoni akanitazama nikinywa chai. Ninyi hamjui anavyotazama. Hata hivyo mkate si chakula, mkate ni upepo."

Likafuata yai. La kuchemsha, zima, halijatafunwa hata kidogo.

Shangazi akavuta kanga yake, akatazama upande wa soko kana kwamba kuna mtu anamwita. "Yai ni dogo," akasema baadaye. "Na nililimenya."

Katibu alikuwa anaandika kwa kasi, ulimi umetoka pembeni. "Kielelezo cha tatu, yai. Kuna kingine?"

Kulikuwapo kingine. Mjumbe alijikunja mwili mzima, na kikatoka kichwa cha samaki mkavu, macho yake yako pale pale, kimenitazama moja kwa moja.

Nikasema, "Lo! Hicho atakuwa ameokota."

"Ameokota wapi?" Bucha akauliza.

"Jalalani. Mbwa hawa wana tabia mbaya."

"Jalala gani linatupa kichwa cha samaki kimefungwa na uzi wa kushonea viatu?"

Ni kweli, niliufunga. Nilihofia kingesambaratika njiani, mimi ni mtu wa kazi safi. Nilikaa chini. Nitasema nini? Wenzangu walikuwa na visingizio vyao, na mimi nilikuwa na changu, nacho nilikiona kizuri sana mpaka dakika ile. Nilijiambia hivi: azimio limepitishwa, wenzangu ni watu wazima, wametia saini, watatii. Kwa hiyo cha kwangu kitakuwa peke yake tumboni. Kichwa kimoja cha samaki kitamdhuru nini? Kumbe kila mmoja alikuwa anategemea utii wa mwenzake. Sheria tuliipenda kweli, kila mtu alitaka iwafunge wenzake.

Daktari alikuwa amepiga magoti, amemshika Mjumbe kichwa asipaliwe. Alipoinua uso hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililotuumiza. Alikuwa ameogopa.

"Kama asingetapika hapa," akasema taratibu, "ningempeleka mezani moja kwa moja. Kwa sababu niliwaamini. Angekufa mikononi mwangu, na ningedhani ni kosa langu."

Wembe akavua aproni yake akampa ajifute.

"Mnajua kazi yangu ngumu ni ipi?" Daktari akauliza. "Watu wanadhani ni kuwakamata. Mbwa nawaweza. Paka nawaweza, wananiparura tu yanaisha. Siwawezi watu wenye mapenzi."

"Kesho je?" Bucha akauliza. "Kesho si mpo?"

"Kesho ndiyo mwisho. Tuna wanyama arobaini na meza mbili, uani kwa shule. Nitawapa nafasi ya saa moja asubuhi, ya kwanza kabisa, na siku ya kuwapa nyingine sina. Lakini leo afungiwe ndani, na mtu mmoja. Mmoja! Ambaye hatampa kitu. Nani?"

Mikono minne ikapanda. Daktari akaitazama mmoja mmoja, maini, mkate, yai, samaki, ikashuka yenyewe.

Ndipo sote, bila kupanga, tukamgeukia Katibu.

"Haiwezekani!" Katibu akarudi nyuma na daftari kifuani. "Januari mpaka Agosti!"

"Ndiyo sababu," akasema Shangazi. "Wewe ndiye peke yako humpendi."

"Simpendi hata kidogo."

"Safi. Endelea hivyo hivyo."

"Hata maji simpi."

"Maji mpe," akasema Daktari. "Mpaka alfajiri."

Katibu alimtazama Mjumbe, ambaye sasa alikuwa amelala kifudifudi, mate yanamtoka, macho yamelegea kwa dawa. Kisha akalitazama azimio lake namba mia mbili na kumi na moja, na saini zetu nne za uongo chini yake. Alivuta pumzi ndefu.

"Nampeleka," akasema. "Na iandikwe kwamba sifanyi kwa mapenzi. Azimio limevunjwa, na katika miaka yangu yote ya utumishi sijaacha jalada likiwa wazi."

Akaondoka akimkokota kwa kamba ya katani, mzee na koti lake, mbwa anatembea kama amelewa. Tulitaka kuwasindikiza. Akatugeukia akatunyooshea kalamu. "Atakayekaribia geti langu nitamwandika!"

Siku hiyo kijiwe hakikuwa kijiwe. Bucha alikata nyama vibaya, wateja wakalalamika. Wembe alimnyoa mtu ndevu zilizokuwa zinafugwa. Mimi nilipiga soli ya kushoto kwenye kiatu cha kulia, na mwenye kiatu akaondoka nacho akichechemea, nikaona haya kumwita. Kila baada ya muda mtu aliuliza, "Mnadhani atampa?" na mwingine akajibu, "Katibu? Katibu hampi mtu hata saa akiulizwa." Tulijifariji hivyo mpaka jioni.

Alhamisi, saa moja kasorobo, tulikuwa kwenye geti la shule. Daktari alitupekua mifuko kabla hatujaingia, na kwa heshima ya wote sitasema alichokikuta kwa Bucha.

Akaja Katibu. Mjumbe mbele, kamba imelegea, yeye nyuma, na nyuma yake mkewe, mama mtulivu mwenye mwavuli. Katibu alikuwa amepauka. Macho yameingia ndani, midomo imekauka.

"Mgonjwa hajala?" Daktari akauliza, sauti kali, maana hakuwa tayari kudanganywa tena.

"Hajala," Katibu akajibu. "Na mimi sijala. Na huyu mama hajala."

"Ninyi mmeambiwa na nani msile?"

Katibu akatafuta pa kukaa. Akaketi juu ya ndoo. "Niliketi mezani jana, chakula kimepakuliwa. Huyu akaja akasimama mlangoni akanitazama. Habweki, halii. Nikageuza kiti. Akazunguka, akasimama upande wa pili, akanitazama. Nikafunika sahani." Akavua miwani akaifuta, akaifuta tena. "Miaka arobaini mimi nimekaa dirishani. Watu walisimama nje na karatasi zao, juani, tangu asubuhi, wakingoja saini yangu moja. Walinitazama vile vile. Na mimi nilikuwa nafungua chakula changu cha mchana, nakula, nashushia na maji, nafunga dirisha nalala kidogo. Sikuwahi kusikia chochote. Jana nimeshindwa kumeza tonge moja."

Mimi niliwahi kusimama kwenye lile dirisha, siku mbili, kwa ajili ya leseni ya meza yangu. Sikumwambia. Shangazi alimmiminia kahawa akamshikisha kikombe kwa mikono miwili.

"Kunywa, baba. Wewe hupasuliwi."

Mjumbe akaingizwa ndani. Tukakaa nje ya ukuta kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni, watu wazima watano, wa sita mke wa Katibu. Wembe alijaribu mzaha mmoja kuhusu madume, ukafia njiani. Bucha alikuwa anahesabu vidole. Kila mlango ukifunguliwa tulisimama sote, na kila mara alikuwa ni paka wa mtu mwingine.

Alitoka saa tatu na nusu, amebebwa kwenye blanketi, ulimi nje upande, tumbo limenyolewa. Wembe alilikagua akasema waliomnyoa hawakuwa mafundi, kisha akampangusa nywele zilizobaki. Sikio la kushoto lilikuwa fupi kidogo, limepunguzwa ncha tu, safi, mstari ulionyooka. Nilikuwa nimejiandaa kusema jambo zito. Badala yake nililia. Nasema wazi, nililia mbele ya watu, mimi niliyesema huruma haijengi, na Bucha akaniazima aproni yake inayonuka damu.

"Siku kumi," akasema Daktari. "Ndani, asirukeruke, asilambe kidonda, chakula kidogo asubuhi na jioni. Kijiweni asifike. Nani anamchukua?"

Kabla hatujanyanyua mikono yetu isiyoaminika, mke wa Katibu alikwisha fungua mwavuli na kumkinga Mjumbe jua. "Twende, baba," akamwambia mumewe, na wakaondoka watatu.

Jumatatu ikafika, tarehe moja. Tulikuwa kwenye benchi watatu, mimi, Wembe na Bucha, tunabishana kuhusu nani hasa aliyemwokoa mbwa. Bucha alidai ni maini yake, kwa kuwa ndiyo yaliyotangulia kutoka. Mimi nilidai uzi wangu ndio uliothibitisha uchafu wetu. Wembe alikuwa amesimama juu ya benchi akirusha mikono. Wapita njia walikuwa wanahamia upande wa pili.

Lori la halmashauri likaja polepole, likasimama mbele yetu. Nyuma lina wavu. Ndani ya wavu kulikuwa na mbwa watatu, na walikuwa kimya, na ukimya ule ulinipa baridi. Akashuka ofisa mmoja na karatasi, na mwingine mwenye mti mrefu uliofungwa kitanzi cha waya.

"Tumeambiwa hapa pana mbwa jike," akasema ofisa. "Tumbo jeupe. Hana mwenyewe."

"Yuko kwake," Wembe akajibu. Nilishtuka kulisikia hilo neno. Miaka minne hatukuwahi kulisema.

"Ana alama?"

"Ana alama, ana chanjo, ana godoro!" Bucha akafoka. "Na leo amekula mara mbili kwa mujibu wa karatasi!"

Ofisa akapiga mstari kwenye orodha yake bila kubisha. Nikahisi mabega yangu yanashuka, sikujua kama yalikuwa juu. Basi alikuwa amepona kweli. Ningempa mkono yule ofisa, kama asingeendelea kusoma.

"Na wengine? Amri yetu inasema tuondoe wote wanaozurura, wasio na mwenyewe, wanaoshinda barabarani tangu asubuhi wakiwapigia kelele wapita njia."

Shangazi akaweka birika chini.

"Hao hapo, mwanangu," akasema. "Watatu. Wa nne yuko kwake anauguza."

Wembe akacheka. Bucha akacheka. Mwenye kitanzi hakucheka. Alitusogelea, akainama, akamgeuza Bucha kichwa taratibu kwa kidole, akaliangalia sikio lake la kushoto mbele na nyuma. Akatikisa kichwa. Akahamia kwa Wembe.

Mimi sikungoja zamu yangu. Nilichukua nyundo, kiatu kimoja cha mteja, na njia ya nyuma ya ukuta.